Ludlow au Skipton: siku mbili na mama mkwe

Mzurura_Midlands
Wakuu, habari. Mama mkwe anakuja kutoka Tanga. Nataka nimtoe mjini siku mbili aone gulio la kizamani, ngome na mashamba ya kondoo. Nimebaki na miji miwili ya Uingereza, Ludlow (Shropshire) na Skipton (Yorkshire). Chumba nalipia Ijumaa. Upi?

Kondakta
Mleta mada, unatokea wapi? Mna gari? Mwezi gani? Magoti ya mama yakoje? Usipojibu hayo, kila mtu atakupigia debe mji wake.

BintiPennines
Skipton, bila kupepesa. Gulio linapangwa High Street yenyewe Jumatatu, Jumatano, Ijumaa na Jumamosi, na ukipanda mtaa hadi juu unakutana na kanisa na lango la ngome. Ngome ile ilizingirwa miaka 3 ikasalimu amri Desemba 1645, baadaye mwenye ngome, Lady Anne Clifford, akaikarabati. Paa lipo zima. Ludlow mvua ikianza inakunyeshea ndani ya ngome!

Mzee_wa_Teme
Paa si hoja. Gulio la Ludlow ni siku zilezile nne, na liko mbele kabisa ya lango la ngome, hakuna kuvuka mji. Ndani ndimo alimofariki Prince Arthur mwaka 1502, na mdogo wake ndiye aliyekuja kuwa Henry VIII. Mnara wa kanisa la St Laurence una ngazi 200 za kuzunguka, nyembamba. Kijana apande, mama abaki chini.

Mzurura_Midlands
Samahani wakuu. Tunatoka Birmingham, hatuna gari, ni mwisho wa Oktoba. Mama ana miaka 68, goti la kulia linamsumbua akishuka mteremko.

Kondakta
Sasa tunaongea. Ludlow mnabadilisha treni Shrewsbury au Hereford, jumla kama saa mbili. Skipton mnapitia Leeds, hesabu saa tatu. Mama ana zaidi ya 60, mkatieni kadi ya treni ya wazee. Pasipoti yake inatosha kuthibitisha umri, na nauli inapungua theluthi. Angalieni pia tarehe: Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa zinarudishwa nyuma, na kuanzia hapo jua linazama kabla ya saa 11 jioni. Matembezi yaanze asubuhi.

BintiPennines
Skipton goti halina shida. Njia ya kando ya mfereji wa Leeds na Liverpool ni tambarare.

Nyayo
Mfereji sawa, lakini msimpeleke Malham, kijiji chenye jabali la chokaa, kichwakichwa, maana ndiko siku za watu huharibikia. Ni kilomita kama 17 kutoka Skipton na mabasi ni ya kuhesabu, kwa hiyo ukikosa la kurudi, unatafuta teksi kijijini kusikokuwa na mtandao wa uhakika. Kutoka kijijini hadi chini ya jabali lenyewe, la mita 80, njia ni nzuri. Tatizo ni kule juu. Unapanda ngazi za mawe kama 400, halafu unakuta uwanda wa chokaa uliopasuka vipande vipande. Katikati ya vipande kuna nyufa za kina, miguu inaingia hadi gotini. Jiwe limelainishwa na soli za miaka mingi, likilowa linateleza kama sabuni. Watu wanavunjika vifundo wakipiga picha. Ukifika chini ya jabali, tazama, geuza.

Mzee_wa_Teme
Ndiyo maana nasema Ludlow. Kituo kimoja cha treni mnafika Craven Arms, kisha mwendo wa kilomita moja na nusu hadi Stokesay. Ile ni nyumba ya tajiri wa sufu, Laurence wa Ludlow, aliyepewa kibali cha kuijengea ngome mwaka 1291. Hakikisheni siku za kufunguliwa kabla ya kukata tiketi. Na Ludlow msishuke Broad Street, goti litalia.

Kalamu_ya_Pwani
Kwani Stokesay ni ngome au kasri? Ngome ni kama ile ya Mombasa, ya askari na mizinga. Nyumba ya tajiri yenye madirisha makubwa namna ile ni kasri.

Mzee_wa_Teme
Ina mnara na handaki.

Kalamu_ya_Pwani
Handaki hata shamba linachimbiwa.

Sufu_na_Chai
Mmeisahau Chipping Campden, mji wa Gloucestershire. Jengo la soko la 1627, matao ya mawe, sakafu yake haijawahi kusawazishwa.

Kondakta
Stesheni iko wapi? Moreton-in-Marsh. Baada ya hapo ni basi, na mwenzetu hana gari.

Mzurura_Midlands
Nimemuuliza mama mwenyewe. Anataka kujua kama gulioni kuna mbuzi.

BintiPennines
Mtaani hakuna. Ila Skipton ina mnada wa mifugo pembeni ya mji, kondoo na ng'ombe. Angalieni kalenda yao, si kila siku wanauza.

Mzee_wa_Teme
Haya, mmenishinda kwa kondoo.

Kalamu_ya_Pwani
Ila bado ni kasri.