Baba kifua kinambana, hii tiba ya mawimbi ya mshtuko ikoje?

mtoto_wa_ujiji:
Habarini wakuu. Baba yangu ana miaka 68, zamani alikuwa anapandisha toka Kibirizi mpaka Mwanga na ndoo ya dagaa kichwani, saizi kutoka kitandani kwenda chooni tu anasimama mara mbili kashika ukuta jasho linamtoka. Dar walishamuwekea stenti mbili (vile vibomba vya kutanua mshipa wa moyo), maumivu yakarudi, wakasema mishipa iliyobaki ni myembamba haifai stenti wala baipasi (upasuaji wa kuipitisha damu pembeni ya mshipa ulioziba). Sasa shemeji aliyeko Ujerumani anasema kuna mashine ya shoki, hapasuliwi. Ni umeme huo? Naogopa jamani asije akanifia.

nesi_tabora:
Pole sana ndugu. Umeme hapana, ni wimbi la sauti, ukoo mmoja na ile mashine ya kuvunja mawe ya figo ila nguvu yake kama moja ya kumi. Analala, wanapaka jeli, wanatafuta kwa ultrasaundi sehemu ya moyo isiyopata damu vizuri, na mashine inaunganishwa na ECG (kipimo cha umeme wa moyo) ipige kwa kufuata pigo la moyo, isije ikauvuruga. Ganzi hakuna. Ratiba inayotumika sana ni mara 9, tatu wiki ya kwanza, tatu ya tano, tatu ya tisa. Mshipa ulioziba hauzibuki hapo, wanachotafuta ni vimishipa vidogo vipya viote pembeni. Kwa hiyo ni ya watu kama mzee, walioambiwa stenti na baipasi basi.

mnyamwezi_halisi:
Naongezea, tafiti zipo za Japani na Ujerumani na wengi walipata nafuu ya maumivu, ila nyingi ni za wagonjwa wachache, so usiuze kiwanja kwanza. Baba mdogo wangu huku Urambo aliuza ng'ombe sita akampa mtu aliyemuahidi mashine ya kuzibua moyo, akaachishwa na dawa, tulimpoteza bado naumia mpaka leo. Rudini JKCI (Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar) na CD ya kile kipimo cha kupitisha waya kwenye mishipa ya moyo muwaulize wenyewe, na dawa asiache hata siku moja.

nesi_tabora:
Kweli kabisa. Vile vidonge vya kuweka chini ya ulimi kifua kikibana, mzee anavitunzaje? Vinatakiwa vikae kwenye kichupa chake cha kioo, kimefungwa, la sivyo nguvu inaisha. Na akiweka akae chini, presha inashuka.

mtoto_wa_ujiji:
Nimeenda kuangalia, viko kwenye bahasha ya karatasi mfuko wa shati, tangu mwaka jana! Natoka saizi hivi kwenda famasi.