Malinoa, Jemani Shepadi au koko: yupi ana moyo wa kazi?

MlinziArusha
Habari za jioni wakuu. Nipo Arusha, nasimamia ulinzi kwenye yadi ya mbao na mashine, kama eka tatu hivi, upande mmoja ukuta, pande tatu seng'enge. Bosi kakubali tuchukue watoto wawili wa mbwa niwalee na kuwafundisha mwenyewe, maana yale mambo ya kununua mbwa mkubwa unamfunga mnyororo mpaka anazeeka tumeyachoka. Tulikuwa na Shepadi dume, ukimuona unarudi nyuma, akibweka mtaa mzima unaamka. Usiku mmoja ikaja mvua ya radi na wezi humohumo, asubuhi tunamkuta mbwa chini ya lori anatetemeka na pampu mbili za maji hazipo. Wala simlaumu, tangu tumpate alikuwa hajawahi kutoka nje ya geti, angejulia wapi. Sasa nachagua kati ya Malinoa (yule mbwa wa Kibelgiji), Jemani Shepadi na koko wetu wa kienyeji. Nataka mbwa anayependa mchezo, mwepesi, na asiyekimbia mambo yakiwa magumu. Waliowahi kufuga kwa kazi naomba mniambie ukweli.

MzeeWaKamba
Pole sana kwa hizo pampu. Mimi nimeshika kamba ya mbwa miaka kumi na moja, wa kunusa na wa kufuata nyayo, sasa nimepumzika. Kabla ya kuuliza aina anza na mchezo kijana wangu. Watu wakisikia mbwa wa kazi wanawaza ukali, na ukali mwingi unaouona getini ni woga tu, mbwa anabweka ili usogee mbali naye. Mbwa anayenusa pembe za ndovu kwenye mizigo hamjui ndovu, hajawahi kumuona, alichofundishwa ni kwamba ile harufu ikitokea na mpira wake unatokea, basi. Anatafuta mpira wake. Kwa hiyo mbwa ambaye ukificha mpira kwenye majani anatafuta dakika mbili akachoka akaja kulala miguuni kwako, huyo hata awe na pua ya ajabu kazi hawezi, na yule anayerudi palepale mara ya ishirini huku anahema, huyo ndiye.

Ukienda kuchagua beba kitambaa, mpira na kipande cha bati. Mwaka fulani nilipima watoto sita wa tumbo moja, wana wiki saba. Nikadondosha mfuniko wa sufuria juu ya bati, pwaa! Wote sita wakaruka nyuma, na hilo halina neno, hata mtu mzima anashtuka. Mmoja mwenye doa jeupe kifuani akasimama masikio mbele, nikahesabu moja mbili tatu nne, akarudi, akaunusa ule mfuniko, akauma kishikio akaanza kuuburuta huku unapiga kelele kwenye bati na yeye mkia juu. Wawili walijificha nyuma ya mama yao mpaka tunaondoka. Mimi moyo wa mbwa naupima hapo, anachukua muda gani kurudi baada ya kushtuka. Yule mwenye doa alifanya kazi miaka minane.

Jirani_Ngong
Mzee heshima. Mimi niko Ngong na nina hao wote wawili, Malinoa jike kilo 24 na Shepadi dume kilo 36, kwa hivyo naongea nilichokiona. Malinoa ni mwepesi hadi unashangaa, ukuta wa stoo anaupanda kwa hatua mbili, ukimrushia mpira anageuka hewani, halafu hachoki. Lakini anataka kazi kila siku, mvua inyeshe jua liwake, na ukimnyima anajitafutia ya kwake. Nilisafiri siku tano nikamwachia kijana wa kulisha tu, nikapata ametafuna mlango wa banda lake na ameanza kuzunguka akikimbiza mkia, ilinichukua wiki nyingi kumrudisha sawa. Shepadi anafikiria kwanza. Akisikia kitu anasimama, anasikiza, ndio anaenda. Kwa mtu ambaye ndio anaanza, Shepadi anakusamehe makosa, Malinoa anajifunza kosa lako siku hiyohiyo na kesho analirudia.

Ila usichukue Shepadi wa maonyesho, wale mgongo umeteremka nyuma kama wanataka kuketi. Uliza wazazi walifanya kazi gani na kama walipigwa picha ya eksirei ya nyonga, hiyo shida ya nyonga iko sana kwa Shepadi na mbwa wa nyonga mbovu hata akiwa na roho ya simba hataruka.

Mama_wa_Rocky
Mimi naishi Ujerumani, Jumamosi nyingi tuko uwanjani na mbwa, ngoja niongeze hapo kwenye maonyesho. Chama cha Shepadi huku kilianzishwa 1899 na kapteni mmoja wa jeshi la farasi, Max von Stephanitz, na alichosisitiza ni kazi, uzuri baadaye. Ndiyo maana kuna mtihani, siku hizi unaitwa IGP, una sehemu tatu, kunusa nyayo, utii na ulinzi, kila moja alama 100 na lazima upate 70 kila sehemu. Kwenye utii mbwa anachukua gongo la mbao, anaruka kizuizi, tena anapanda ukuta wa mbao mbili zilizoegemeana, analeta na kukaa mbele yako. Na katikati ya zoezi zinapigwa risasi za baruti tupu, mbwa anayeogopa mlio anatolewa hapohapo, hata kama mengine alikuwa anafanya vizuri kuliko wote. Kaka, yule wako wa chini ya lori huku angejulikana mapema.

Jambo moja nakuomba, usiwarukishe wakiwa wadogo. Mifupa haijakomaa. Hata mashindano ya kimataifa ya ajiliti, yale ya mbio za kuruka vizuizi, mbwa haingii kabla ya miezi 18. Mtoto mpe vitu vya kukanyaga, mbao inayoyumba, mchanga, maji kidogo, ngazi mbili tatu, hayo ndiyo yanajenga moyo.

KokoDaima
Mbona koko hamumzungumzii? Nimekulia kwa wafugaji, mbwa wetu hajapewa jina la Ulaya lakini fisi akija usiku hamuulizi mtu. Anakula ugali na mchuzi, jua la saa saba haliogopi, na kupe waliomuua Malinoa wa jirani yangu yeye kawabeba tangu utotoni. Mnapeleka hela nje wakati mbwa mnaye hapa.

MzeeWaKamba
Ndugu yangu KokoDaima hapo uko sawa na mimi koko namheshimu sana, kwa kulinda boma hana mpinzani, anajua nani wa kwao na nani mgeni. Nilijaribu kufundisha watatu. Masikio yao makali kuliko ya Shepadi na hawaumwi ovyo. Kilichonishinda ni mpira, unaurusha mara mbili anakuletea, mara ya tatu anakutazama kama anasema si umeutupa mwenyewe. Yeye anafanya kazi kwa sababu pale ni kwake, ukimpeleka mahali pageni anataka kurudi nyumbani. Mmoja tu kati ya watatu alipenda kuvutana kitambaa, na huyo alikuwa mzuri kweli, kwa hiyo wapo, ila utatafuta. Kwa yadi yake huyu kijana koko mmoja wa kubweka aamshe watu na mbwa mwingine aliyefundishwa wa kufuata wezi ni mpango mzuri tu.

DktMifugo
Kuhusu kupe nisisitize. Koko naye anaumwa na kufa, sema wengi mnaowaona ni wale waliopona wakiwa wadogo. Mbwa wa damu ya Ulaya akipata homa, fizi zikawa nyeupe, mkojo ukawa rangi ya kahawa, usingoje kesho, damu inaisha hiyo. Na anayetaka kufuga karibu na hifadhi kwenye mbung'o ajue mbwa anapata nagana vibaya sana, macho yanaingia ukungu, anakonda, anakufa. Mazoezi fanyeni alfajiri au jioni, mbwa anajipoza zaidi kwa kuhema, na Malinoa mwenye mzuka wa mpira hatasimama mwenyewe mpaka aanguke, wewe ndiye wa kumsimamisha. Chanjo za pavo na distempa, magonjwa ya virusi yanayoua watoto wa mbwa, zikamilike, ya kichaa cha mbwa usiiruke.

Jirani_Ngong
Nimekumbuka kitu, sakafu. Shepadi wangu kwa uwanja alikuwa anafanya kila kitu, siku moja nikampeleka kwa ofisi yenye tailizi zinazong'aa akalala chini mlangoni, kucha zinakwaruza, hakuingia. Mbwa aliyeng'ang'ania mtu mwenye suti nene ya mazoezi ya kung'atwa anashindwa na sakafu! Nilirudi naye pole pole, mpira kwa mlango, kesho yake hatua moja ndani, kesho kutwa mbili. Siku ya tisa aliingia akikimbia. Sikumvuta kamba hata mara moja.

MlinziArusha
Shikamoo mzee, na wengine wote asanteni mno. Leo nimeenda kwa mfugaji mmoja nje kidogo ya mji, Shepadi wa kazi, watoto watano, wazazi wote wawili nimewaona wakifanya kazi na picha za nyonga nimeoneshwa. Nilibeba bati na mfuniko kama mzee alivyosema. Jike dogo kuliko wote ndiye aliyerudi wa kwanza, sijafika hata tatu, akapanda juu ya bati akakojoa palepale halafu akauma kamba ya kiatu changu akagoma kuachia. Huyo nimemlipia, namchukua akifika wiki nane. Wa pili ni koko wa mama mmoja anayeuza mboga jirani na yadi, ana miezi mitatu, nilimrushia chupa tupu ya maji akaileta mara sita. Mama kanipa bure, kasema ila nisimfunge mnyororo, nikamwahidi. Kesho asubuhi tunaanzia kwa daktari wa chanjo.