Kamera za kifuani kwa polisi: Minneapolis tumepigwa changa la macho, msituige

Wakuu, leo naandika nikiwa nimevurugwa, mtanivumilia. Kila polisi wa Nairobi au Dar akimuumiza raia, lazima atokee mdau aseme dawa ni kuwavalisha kamera kifuani "kama Marekani", na anayepinga anaambiwa hajatembea. Haya, mimi nimetembea. Naishi Minneapolis, jimbo la Minnesota, na nimechoka kusikia mji huu ukitolewa mfano na watu wasiojua yaliyotokea hapa.

Kamera tulizililia wenyewe. Novemba 2015 polisi walimpiga risasi Jamar Clark, kijana mweusi wa miaka 24, akafa. Askari wale hawakuwa na kamera vifuani. Watu walipiga kambi nje ya kituo cha polisi upande wa kaskazini wa mji siku 18, kwenye baridi ya Minnesota ambayo asiyeijua asiulize. Mwaka 2016 jiji likagawa kamera kwa askari wa doria, na viongozi wakatuhubiria uwazi mpaka masikio yakauma. Tukashangilia.

Hata mwaka haukuisha. Julai 15, 2017, usiku, Justine Ruszczyk Damond, mama wa Kiaustralia wa miaka 40, alipiga 911, namba ya dharura ya huku, mwenyewe kwa sababu alisikia sauti kama ya mwanamke anayedhulumiwa nyuma ya nyumba yake. Wakaja askari wawili kwa gari. Alipowakaribia, mmoja akafyatua risasi akiwa amekaa ndani ya gari, na mama wa watu akafa palepale uchochoroni. Hesabuni kamera: mbili vifuani, moja kwenye gari. Hakuna hata moja iliyorekodi risasi ile. Vitufe havikubonyezwa. Aliyefyatua alikuwa Mohamed Noor, Msomali, na nadhani mnaweza kufikiria hali ilivyokuwa Cedar-Riverside, mtaa wa Wasomali wengi hapa mjini, wiki ile. Mkuu wa polisi, Janeé Harteau, alijiuzulu kabla wiki haijaisha. Jiji baadaye likailipa familia dola milioni 20, na mjue hizo hazitoki mfukoni mwa askari, ni kodi yetu. Baada ya msiba ndipo ikatoka amri kali kwamba kamera iwashwe kila simu ya 911 na kila gari linaposimamishwa. Kumbe mwanzo mlifikiri ni za nini? Mapambo?

Lakini hilo la kamera kuzimwa kila mtu analijua, na kila mtu ana jibu lake: "waziwashe tu." Sasa nisikilizeni vizuri, maana kinachoniuma mimi ni kesi ambayo kamera IKAWASHWA.

Septemba 2017, miezi miwili tu baada ya kifo cha Justine, polisi waliitwa kwenye nyumba ya mama mmoja mwenye ugomvi na watoto wake. Askari mmoja akampiga mtoto wa miaka 14 kichwani kwa tochi, akamkaba shingo, kisha akamlaza kifudifudi na kumpigia goti mgongoni na shingoni kwa zaidi ya dakika 15. Mtoto ana pingu. Mtoto analia kwamba hapumui. Kamera za askari zinarekodi kila kitu, picha na sauti. Video ikaingia kwenye hifadhi ya polisi na ikakaa humo. Askari yule aliitwa Derek Chauvin.

Ndiyo, huyohuyo aliyemuua George Floyd kwa goti shingoni.

Hakufukuzwa wala hakushitakiwa kwa lile. Mei 25, 2020, siku aliyomkandamiza George Floyd dakika 9 na sekunde 29, alikuwa mkufunzi wa mmoja wa askari wapya waliokuwa naye pale. Mtu ambaye video yake ipo kwenye mitambo ya mwajiri karibu miaka mitatu ndiye aliyepewa kufundisha wageni kazi. Halafu unaniambia tatizo letu ni ukosefu wa kamera?

Na angalieni siku yenyewe ya Floyd. Askari wale walikuwa na kamera. Ile ya Chauvin ilidondoka kwenye purukushani ikaishia chini ya gari, lakini za wenzake zilikuwa zinarekodi. Taarifa ya kwanza ya polisi ikasema mtu ameonekana ana tatizo la kiafya akafia hospitali, na taarifa hiyohiyo ikajisifu kwamba kamera zilikuwa zimewashwa! Goti halikutajwa. Kilichowaumbua ni simu ya binti wa miaka 17, Darnella Frazier, aliyesimama kando ya barabara akarekodi akaweka mtandaoni. Video za vifuani vya askari? Julai mahakama iliruhusu zitazamwe kwa miadi tu, bila kunakili, na umma wa kawaida tukaziona Agosti baada ya kuvujishwa kwenye gazeti la Uingereza. Kwa hiyo kamera za mamilioni ya dola zilitunza siri, simu ya mtoto wa shule ikasema kweli.

Zile video za 2017 je? Tulionyeshwa Aprili 2023, jiji lilipokubali kulipa karibu dola milioni 8.9 kwa yule mtoto na kwa mwanamke mwingine ambaye Chauvin alimkandamiza kwa goti mwaka uleule. Karibu miaka sita. Familia ya Floyd ilikuwa imeshalipwa milioni 27. Jumlisheni wenyewe.

Mtu asiyejua hizi kamera anadhani ni kama CCTV ya dukani inayokula picha muda wote. Hapana. Nyingi zinasubiri askari abonyeze, na akibonyeza zinaokoa sekunde kadhaa za nyuma, mara nyingi 30, bila sauti. Baltimore mwaka 2017 askari mmoja alisahau jambo hilo. Akaweka dawa za kulevya kwenye takataka, akatoka barabarani, akabonyeza, akarudi "kuzigundua". Zile sekunde 30 zikamuanika. Nilicheka nilipoiona, sikatai. Ila jiulize ni wangapi hawakusahau.

Ikisharekodiwa sasa, inahifadhiwa na nani? Na polisi. Kwa sheria ya Minnesota ya 2016, video hizi kwa kawaida si za umma, isipokuwa mambo machache kama risasi kufyatuliwa au mtu kuumizwa vibaya. Na isipoangukia kwenye kundi linalotakiwa kutunzwa zaidi, baada ya siku 90 inaweza kufutwa. Anayetuhumiwa ndiye mwenye ufunguo wa kabati la ushahidi. Nyumbani tungeita hilo kesi ya nyani na hakimu ngedere, huku wanaita sera.

Najua atakuja mtu na utafiti wa Rialto, California, kwamba malalamiko dhidi ya polisi yalishuka sana. Kweli yalishuka, lakini Rialto ni mji mdogo, askari waliokuwemo kwenye jaribio walikuwa 54. Washington DC walifanya jaribio la askari zaidi ya 2,000, wengine wakapewa kamera, wengine wakanyimwa, kwa bahati nasibu. Matokeo yakatoka 2017: hakuna tofauti ya maana, si kwenye matumizi ya nguvu, si kwenye malalamiko. Mbona huo hamuuleti?

Na Wakenya wenzangu ndio mnanishangaza zaidi. Juni 2025 Albert Ojwang, mwalimu na mwanablogu, alifia mikononi mwa polisi kituo cha Central, Nairobi. Kituo kina CCTV. IPOA, mamlaka huru inayosimamia mwenendo wa polisi Kenya, ikaliambia Seneti kwamba mitambo ilichezewa. Jengo zima la serikali limeshindwa kutunza picha za usiku mmoja, halafu unataka askari aende doria na kamera yake mwenyewe, aiwashe mwenyewe, arudi nayo kituoni akaipakue mwenyewe?

Sisemi kamera zichomwe moto. Nasema kabla hazijanunuliwa, mtu aniambie video zitakaa kwa nani asiye polisi. Askari ambaye kamera yake "iligoma" siku raia kauawa atapoteza nini, mshahara au kazi? Na nani ana wajibu wa kuzitazama zile ambazo hakuna aliyekufa? Mkiambiwa hayo yatapangwa baadaye, mjue mnauziwa mbuzi kwenye gunia.

NYONGEZA: Naona wa inbox mnaniambia sheria ilibadilishwa. Ndiyo, 2023 Minnesota iliweka kwamba polisi wakimuua mtu, familia ionyeshwe video ndani ya siku 5 na umma ndani ya siku 14, ukiacha sababu maalumu. Ni jambo zuri, nalikubali. Ila soma tena: wakimuua mtu. Yule mtoto wa miaka 14 alibaki hai.