Kiganja cha baba hakilali tena kwenye mswala: aliyepasuliwa vidole atueleze

Mtoto wa Wete:
Assalaam alaykum. Baba yangu ana miaka 66, mchuma karafuu tangu ujana wake. Miaka minne sasa kidole cha pete na cha mwisho, mkono wa kulia, vinajikunja kuelekea kiganjani. Kilianza kinundu chini ya kidole cha pete, tukadhani sugu ya kazi. Sasa pana kitu kama kamba chini ya ngozi. Hakimuumi. Lakini akisujudu kiganja hakilali, akinawa uso kidole kinamchoma jichoni, na wali hauli tena kwa mkono mbele za watu. Tumemkandisha kwa mafuta ya mbarika wiki tatu, wapi! Daktari amesema apasuliwe. Baba hataki, anasema watamkata mishipa abaki na mkono mfu. Kuna aliyepitia haya?

Fundi Patasi:
Waalaykum salaam mwanangu, msalimie sana mzee. Mie mchonga milango, niko Unguja. Wangu ulikuwa mkono wa kushoto, ndio unaoshika patasi, kwa hiyo hofu yake naijua.

Mwanzo niliambiwa baridi yabisi, nikameza vidonge vya maumivu mwaka mzima na maumivu sina. Baadaye daktari wa mifupa aliniambia niweke kiganja juu ya meza. Hakikulala. Ndicho kipimo chenyewe, na baba yako anakifanya mara tano kwa siku bila kujua.

Alinieleza kwamba kano za vidole ni nzima. Kinachovuta ni utando ulio chini ya ngozi ya kiganja: unakuwa mnene, unajikaza, unageuka kamba. Ndiyo maana kukanda hakukufaa, kamba ile haiyeyuki kwa mafuta. Ugonjwa unaitwa kwa jina la Mfaransa, Dupuytren, aliyeupasua Paris mwaka 1831, wakati dawa ya ganzi bado haijapatikana. Nikifikiria yule mgonjwa wake naona mie nilipata raha.

Nilichomwa sindano ya ganzi kwapani, mkono wote ukafa, mie macho. Walichana ngozi kwa mshazari, huku na huku kama meno ya msumeno, maana kovu lililonyooka likipona hukaza na kukikunja kidole upya. Kisha wakautoa ule utando mbovu polepole. Mzee hakosei kuogopa mishipa: ya fahamu hupita ubavuni mwa kidole na kamba huweza kuizonga, kwa hiyo atafute daktari aliyezoea mikono. Ncha ya kidole changu cha mwisho ilikuwa na ganzi miezi kadhaa, ikaondoka.

Kazi kubwa ni baada ya nyuzi kutolewa. Kukunja na kukunjua vidole kila saa, na usiku kulala na banzi la plastiki. Mie wiki ya tatu nilishika nyundo kwa sababu mlango wa mtu ulichelewa, kidonda kikafunguka. Mwambie asiguse karafuu wala kamba ya ngazi mpaka aruhusiwe. Msimu utapita, utakuja mwingine.

Kidole cha pete kimenyooka kabisa. Cha mwisho kimebaki na kikunjo kifundo cha kati, kwa sababu nilikawia. Kifundo kile kikishagandamana hakirudi chote. Na kamba yenyewe inaweza kuota tena hata baada ya kupasuliwa. Hilo mwambieni mapema, asije akahisi kadanganywa.

Mama Mazoezi, Chake:
Nafanya kazi ya kuwazoeza wagonjwa viungo. Naongeza mawili tu. Mpimeni sukari, wenye sukari hupata ugonjwa huu zaidi, na sukari ikiwa juu kidonda kinachelewa kupona. La pili, mwulize kama anahisi vizuri akiguswa vidole hivyo. Vidole vikijikunja pamoja na ganzi, au kukiwa na baka lisilohisi mwilini, huenda ni ukoma uliogusa mishipa ya fahamu, na huo hutibiwa kwa vidonge, bure, na mapema ndiyo salama. Msione haya kuuliza.

Mtoto wa Wete:
Ahsanteni sana. Ganzi hana, nimemgusa kwa unyoya wa kuku huku kafumba macho, kahisi kila kidole. Sukari tunapima kesho. Nimemsomea yote, amenyamaza kitambo kisha kauliza moja tu: Fundi alisali vipi, na kiganja kililala lini?

Fundi Patasi:
Mwambie nilipangusa maji juu ya bendeji nikasalia kwenye kiti. Wiki ya saba nikashuka mswalani, kiganja kikalala. Chini ya kidole cha mwisho pamebaki upenyo wa kupita kijiti cha kiberiti.