Kulala alasiri kisha kuyumba mazoezini: tuwapangie saa vipi?

Kocha_Kilimani

Habari za leo wakuu. Nauliza kwa ajili ya kikundi cha mazoezi ya jioni hapa Dodoma, watu wa miaka 25 hadi 50, wengi wao watumishi wa Mtumba, kwenye Mji wa Serikali. Wanatoka kazini saa 9:30, wanafika nyumbani saa 10 na dakika zake, wanajilaza, na saa 11:15 wako uwanjani. Tunaanza na kuruka kamba, halafu mazoezi ya mguu mmoja, halafu ngazi za jukwaa, kupanda na kushuka.

Waliolala wanayumba kuliko wasiolala. Mguu unatua vibaya, kifundo kinageukia nje. Ila nusu saa ya pili mambo yanageuka: walewale wanasimama imara kuwashinda waliokuja bila kulala. Je, niwakataze kulala? Na hili linapimikaje kwa chaki na futi kamba? Mashine hatuna.

Fizio_Ipagala

Usiwakataze, kocha. Usingizi hauna kosa hapo, kosa liko kwenye dakika kati ya kuamka na kuanza kuruka.

Mwili husimama wima kwa taarifa za sehemu tatu: macho, sikio la ndani, na nyayo pamoja na misuli na viungo vya mguu. Ubongo unazijumlisha na kutuma marekebisho madogomadogo muda wote. Ukimtazama mtu aliyesimama kwa mguu mmoja pekupeku utaona kano za juu ya unyayo zinachezacheza bila kukoma. Mtu akizinduliwa kutoka usingizi mzito, ubongo hauwaki wote kwa mara moja. Yale mang'amung'amu ya kuamka huchukua kwa kawaida dakika 15 hadi 30, na kwa mwenye deni la usingizi wa usiku yanaweza kufika saa nzima. Marekebisho yanaendelea kutumwa, lakini yanachelewa. Kwenye ardhi tambarare huoni kitu. Kwenye kamba au ngazi, kuchelewa kidogo tu kunatosha kifundo kiwe kimeshageuka.

Yakiisha, faida ndiyo inabaki, maana kukosa usingizi kwenyewe kunaongeza kuyumba. Hiyo ndiyo nusu saa yako ya pili.

Kuhusu urefu: lengo liwe usingizi wa dakika 10 hadi 20, kabla mtu hajazama. Kwa kuwa kuna dakika kadhaa za kutafuta lepe, kengele ya simu iwekwe dakika 25 tangu kichwa kinapogusa mto. Urefu mbaya kuliko wote ni dakika 45 hadi 60, na ndio hasa mtu anaoupata akijitupa kitandani saa 10:10 na kuzinduka saa 11 kasoro. Anaamshwa katikati ya usingizi mzito. Dakika 90 ni kama mzunguko mmoja mzima na kuamka huwa kwepesi kidogo, ila siku za kazi nani anazo? Na aliyepata jumla ya saa nne tu za usingizi usiku huzama upesi sana, kwa hiyo hata dakika 20 zinaweza kumwacha mzito. Huyo mpunguzie, mwekee 12 au 15.

Kuhusu saa: mwili una mshuko wake wa asili kati ya saa 7 na saa 9 mchana. Watu husingizia ugali, lakini mshuko huo huja hata kwa aliyefunga. Hapa Dodoma jua linafika utosini yapata saa 6 na nusu, na muda mzuri unaanza baada ya hapo. Kwa watu wa Mtumba ningependekeza walale kwenye mapumziko ya chakula: dakika 15 kwenye kiti chenye egemeo la kichwa, kanga au leso juu ya macho. Kwenye kiti mtu hazami kirahisi, na hilo ndilo tunalotaka. Hadi saa 11:15 ana zaidi ya saa tatu mkononi.

Asiyeweza, alale nyumbani lakini awe ameamka saa 10:35, na wewe upange upya kipindi. Dakika 20 za kwanza ni kutembea, kukimbia taratibu kwenye tambarare, kuzungusha vifundo, kuchuchumaa kwa miguu yote miwili. Kamba ije baada ya hapo, ngazi mwisho. Lakini ngazi zisisogee hadi giza: jua letu linazama kati ya saa 12 na nusu na saa 1, na mwanga ukififia macho yanachangia kidogo, mzigo wote unahamia nyayo na sikio la ndani.

Chaki_na_Tepu

Nijibu la kupima. Vipimo viwili vinatosha.

Cha kwanza, kusimama kwa mguu mmoja macho yamefumbwa. Pekupeku, mikono kiunoni, mguu ulioinuliwa usiguse ule mwingine, msaidizi akae pembeni tayari kudaka. Saa inasimamishwa mkono ukitoka kiunoni, unyayo ukihama, mguu wa juu ukigusa chini au macho yakifumbuka. Ukomo ni sekunde 45. Mara tatu kila mguu, pumzika dakika moja katikati. Usishtuke ukiona sekunde 9 au 15, kwa mtu mzima wa chini ya miaka 40 hizo ni za kawaida. Macho yakiwa wazi, walewale hufika 40 na zaidi.

Cha pili ni cha mistari mitatu yenye umbo la Y. Pembe zake ndizo huwashinda wengi, kumbe karatasi ya A4 inatosha. Weka kona ya karatasi kwenye sakafu ya saruji, chora pande mbili za kona hiyo kwa chaki na uzirefushe hadi mita moja na nusu: hiyo ni mistari ya nyuma. Kisha kunja kona iwe nusu kwa nusu, fuata kunjo, urefushe mstari upande wa pili wa nukta ya kona: huo ni wa mbele. Anayepimwa anasimama kwenye nukta kwa mguu mmoja, anatelezesha kidole gumba cha mguu mwingine juu ya kila mstari hadi mwisho wa uwezo wake, anagusa kidogo, anarudi. Kinachoharibu kipimo ni kisigino cha mguu uliosimama kunyanyuka (pitisha kipande cha karatasi chini yake, kikipita, rudia) na mtu kuegemea mguu unaofika badala ya kugusa tu.

Pima pia urefu wa mguu akiwa amelala chali, kutoka kwenye mfupa wa nyonga unaochomoza mbele hadi kwenye kifundo cha ndani. Jumlisha mifiko mitatu (umbali kutoka kwenye nukta hadi alipogusa kwenye kila mstari), gawanya kwa urefu wa mguu mara tatu, zidisha kwa 100. Mfano: 60, 95 na 92 ni 247, mguu sentimita 88 mara tatu ni 264, jibu ni 93.6. Kando ya hiyo, linganisha mfiko wa mbele wa kulia na wa kushoto. Tofauti ikizidi sentimita 4, mguu huo ushughulikiwe kwanza, awe amelala au hakulala.

Tahadhari kubwa ni kujifunza. Watu huongezeka siku za mwanzo kwa kuzoea kipimo tu, kwa hiyo kila mmoja afanye majaribio sita kila mstari kabla hujaandika chochote. Halafu rusha shilingi kuamua siku ipi ni ya kulala na ipi si ya kulala, saa ileile, sakafu ileile. Siku za kulala pima dakika 5, 30 na 60 baada ya kuamka. Ukipima ya dakika 5 peke yake utahukumu usingizi bure.

Nesi_AreaC

Naomba mtenganishe mang'amung'amu na kizunguzungu, maana dawa zake ni mbali kabisa. Mzito wa usingizi anaona uzito kichwani na uvivu. Mwingine anainuka, macho yanaingia giza kwa sekunde chache, anashika ukuta. Huyo ni presha inayoshuka, na wanaofanya mazoezi sana ndio mara nyingi, hasa wakiwa wamepungukiwa maji. Hewa yetu ni kavu, jasho linakauka kabla hujaliona, na chumba cha bati bila dari saa 10 ni tanuri.

Mpime: alale dakika 5, pima presha, asimame, pima tena dakika ya 1 na ya 3. Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, au ya chini 10 au zaidi, aende kituo cha afya. Wakati wa kuamka akae ukingoni mwa kitanda dakika moja au mbili, akanyage juu na chini kwa vidole vya miguu mara 20, ndipo asimame. Apime uzito kabla na baada ya mazoezi. Kilo moja iliyopotea ni kama lita moja ya maji.

Chumba kikizunguka kama pia anapogeuka kitandani, chini ya dakika moja kisha kinatulia, hilo ni la sikio la ndani na linatibika kwa kugeuzwa kichwa kwa mpangilio na mtaalamu. Na kizunguzungu chenye udhaifu wa upande mmoja au ulimi mzito ni hospitali saa hiyohiyo.

Kocha_Kilimani

Asanteni sana. Moja tu: kahawa kabla ya kujilaza, kama wengine wanavyosema?

Fizio_Ipagala

Inafanya kazi, kwa kuwa kahawa inachukua karibu nusu saa kuanza kuamsha. Kikombe kimoja, kinywewe haraka, kisha kulala papo hapo. Ila ni kwa wale wa saa 7 mchana pekee. Wa saa 10 wasiiguse: nusu yake bado itakuwa mwilini saa 3 usiku, na deni la usingizi litaanza upya. Hao maji ya baridi usoni na kutoka nje kwenye mwanga vitawachangamsha, lakini zile dakika 20 za tambarare usizikate.