Kompyuta inagoma kila asubuhi, fundi anasema diski imekufa

Steshenari Kihonda
Habarini wakuu. Nina steshenari ndogo hapa Morogoro, kazi zangu zote zimo kwenye kompyuta moja ya mezani ya mtumba, Windows 10. Wiki ya pili sasa, kila nikifungua duka inawaka, feni inazunguka, halafu skrini nyeusi na maandishi meupe kwamba haioni diski ya kuwashia. Jumatatu fundi alikuja, akabonyeza F2, akabadili vitu fulani, ikaingia Windows vizuri. Mchana kutwa nikafanya kazi, nikaizima na kuiwasha mara mbili, haikusumbua. Jumanne asubuhi yale yale. Sasa anasema diski imekufa, ninunue nyingine apige Windows upya. Ndani kuna mitihani ya shule tatu, sijaihamishia popote. Naombeni msaada kabla sijamkubalia.

Kijana wa Kariakoo
Pole dada. Yangu ilikuwa waya wa diski umelegea. Mwambie aukaze kwanza.

Mzee wa Waya
Dada, asiiguse mtu hiyo diski. Iliyokufa haifanyi kazi mchana kutwa ikagoma asubuhi tu. Usiku unachomoa umeme ukutani? Na ikishawaka, tarehe inasomaje?

Steshenari Kihonda
Nachomoa mzee, naogopa radi. Tarehe ndiyo naitazama sasa: 1 Januari 2012! Kumbe ndiyo maana kurasa za intaneti zinakataa kufunguka, zinadai si salama. Nilidhani bando.

Mzee wa Waya
Basi ni betri. Kwenye bodi kuu kuna betri ya duara kama sarafu, CR2032, ya volti 3. Hiyo ndiyo inayotunza saa na mipangilio ya BIOS, ile programu ndogo inayoamsha mashine, umeme ukikosekana. Waya ukiwa ukutani, hata ukiizima, umeme kidogo unaifikia bodi, kwa hiyo mchana haisahau. Ukichomoa usiku, betri imechoka, kila kitu kinafutika. Windows yako bila shaka iliwekwa kwa UEFI, njia mpya ya kuwasha mashine, na mashine ikisahau inarudi Legacy, njia ya zamani. Diski ipo nzima, ila mashine haijui pa kuanzia.

Leo hii nakili mitihani kwenye fulashi, kabla ya lolote. Kisha zima, chomoa, fungua ubavu, sukuma kibanio betri itoke, weka mpya, alama ya + iangalie juu. Washa, F2, rudisha UEFI, weka tarehe, hifadhi. Na usiku endelea kuchomoa, radi haina mswalie Mtume.

Steshenari Kihonda
Shikamoo mzee wangu. Mitihani niliinakili jana ile ile. Betri nimeipata kwa fundi saa sokoni, shilingi 2,000. Ya zamani alipoipima ilisoma volti 1.9. Usiku nimechomoa kama kawaida. Leo saa moja na nusu imeingia Windows moja kwa moja, tarehe sawasawa. Fundi wa kompyuta nimempigia kumwambia sinunui diski. Walimu wanafuata mitihani yao saa nne, printa inatoa ya shule ya pili sasa hivi.