Tupeane uzoefu: ulipojadili mageuzi ya viumbe na mtu ambaye hakusoma biolojia, ni kitu gani kilimfikia?

Mwalimu wa Kadutu
Ndugu zangu, huu ni mwaka wa kumi na tatu nafundisha biolojia hapa Bukavu, na bado somo la mageuzi linanirudisha nyumbani na kichwa kizito. Si darasani, darasani wanaandika, wanajibu mtihani, yanaisha. Shida ni nje: kwenye kilio, ndani ya basi, baada ya misa. Nianze na langu, nanyi mlete yenu.

Miaka minne iliyopita tulikuwa kwenye kilio cha shangazi. Usiku, karibu na moto, baba mdogo akaniuliza mbele ya watu: "Mwalimu, ni wewe unayefundisha watoto wetu kwamba walitoka kwa makako, hao nyani?" Nikamjibu kwa maneno makubwa: jeni, kromosomu, uteuzi wa asili. Akauliza tena, taratibu. Hapo nikatamka neno ambalo mpaka leo linaniuma: "Baba, hukusoma biolojia, huwezi kuelewa." Watu wakanyamaza. Mmoja akaongeza kuni. Baba mdogo ni seremala, na ndiye aliyenilipia karo miaka mitatu ya sekondari.

Nilikwenda kumwomba msamaha. Mwaka mpya uliofuata tukachinja mbuzi kwake, nikamwomba mama mdogo aniachie shingo nzima. Tukaichemsha juu ya mbabula mpaka nyama ikaachia, tukapanga mifupa kwenye sinia. Saba. Nikamwomba baba mdogo ainamishe kichwa, apapase nyuma ya shingo kule chini, penye kinundu cha mfupa. Kwa watu wengi, huo ndio wa saba. Nikamweleza habari za okapi wa msitu wa Ituri na binamu yake twiga: mmoja shingo fupi, mwingine shingo ya karibu mita mbili, na wote wawili wana mifupa saba. Ya twiga imerefuka tu, mmoja mmoja, zaidi ya sentimita 20. Kumbe kuku, mwenye kishingo chake kile, anayo kama kumi na minne.

Baba mdogo akashika mfupa mmoja, akaugeuza mara mbili tatu. "Fundi akitaka meza ndefu ataongeza mbao," akasema. "Huyu twiga alirithi mbao saba, akazirefusha hizohizo." Hakusema anakubali. Lakini tangu siku ile anapouliza, anauliza kwa kutaka kujua.

Muuguzi, Goma
Mimi nilikosea kwa neno moja: kuzoea. Wote tunasema "malaria imeizoea dawa". Mama mmoja muuza maharagwe aliniuliza kwa nini klorokwini ya zamani haitolewi tena, nikamjibu hivyohivyo, vimelea vimeizoea. Akanitazama: "Vimeizoea vipi, na dawa inaviua?"

Aliniweka sawa bila kujua. Hakuna kimelea kilichozoea kitu. Katika mamilioni ya vimelea wachache walikuwa na tofauti ndogo kwenye jeni, yaani maelekezo ya urithi, na tofauti hiyo ikawawezesha kuitoa dawa pale inapofanyia kazi. Wengine wakafa, hao wakabaki na kuzaana, na watoto wao wakarithi. Usugu huo ulionekana kwanza Asia na Amerika Kusini mwishoni mwa miaka ya 1950, ukafika Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1970. Nilipomweleza upya, mama akasema: "Basi ni kama mimi ninapochagua mbegu. Ila hapa dawa ndiyo inayochagua." Sijasikia mwalimu aliyeieleza vizuri zaidi. Jumapili alikuwa kanisani kama kawaida, na mimi pia.

Wa maabara, Kivu Kusini
Wanaosema mageuzi hayajawahi kuonekana, mimi huwakumbusha mpox, ule ugonjwa wa vipele, ya mji wa Kamituga. Kirusi kilikuwa kimepoteza kipande kidogo cha jeni, na kipande hicho ndicho kipimo kimojawapo kilichokuwa kikitafuta. Mgonjwa amejaa vipele mbele yako, kipimo kile hakimtambui. Mabadiliko hayo yametokea hapahapa kwetu, juzi tu.

Binti wa Bagira
Nisomeni kwa makini, maana hili halimo kwenye vitabu vya shule. Babu yangu alikuwa karani wakati wa Wabelgiji. Bosi wake hakumwita jina. Alimwita "makako", mbele ya watoto wake, miaka na miaka. Nilipoingia chuo kikuu nikarudi likizo na maelezo yangu ya mageuzi, nikidhani nitamfurahisha. Babu akaweka kikombe chini. "Mzungu alituita makako nikakataa. Leo mjukuu wangu amesoma ili aje kunithibitishia?"

Ndugu, hapo utamwambia nini kuhusu biolojia? Nililia. Tunadhani watu wanakataa kwa kukosa elimu, na wengine wanakataa kwa sababu neno lenyewe ni kidonda.

Nilirudi kwake baada ya kwenda Lwiro, kule wanakotunzwa sokwe walionyang'anywa wawindaji. Niliona mkono wa sokwe mmoja umeshika waya: kucha bapa kama zangu, mistari kiganjani, hata alama za vidole. Nikamwambia babu: hatukutoka kwa makako, wala kwa huyu sokwe. Ni kama binamu. Binamu hakukuzaa, na kuwepo kwake hakukuzuii kuwepo. Mna babu mmoja, na babu huyo hayupo tena. Babu wetu wa pamoja na sokwe aliishi miaka kama milioni sita au saba iliyopita. Na watu wote wa leo, weusi na weupe, asili yao ni Afrika. Darwin mwenyewe, mwanasayansi aliyeeleza mageuzi, alikisia mwaka 1871 kwamba mizizi ya binadamu iko huku.

Babu akakaa kimya muda mrefu. Kisha: "Hata yule bosi?"
"Hata yule bosi, babu."

Katekista
Kwa Wakatoliki wenzangu: Oktoba 1996 Papa Yohane Paulo II aliiandikia akademia ya sayansi ya Vatikano kwamba mageuzi ni zaidi ya dhana tupu. Lakini Oktoba ile, hapa Bukavu, nani alikuwa na nafasi ya kusoma barua? Tulikuwa tunakimbia vita. Ndiyo maana parokiani wengi hawakuisikia kamwe.

Muuza samaki, Nyawera
Mimi sikubaliani nanyi, ila nimesoma yote kwa sababu hamkumcheka mtu. Swali langu: wazee wanasema sambaza, hawa dagaa wetu, waliletwa ziwani Kivu kutoka Tanganyika kabla ya uhuru. Nawauza kila siku. Mbona bado ni sambaza?

Mwalimu wa Kadutu
Swali zuri, mama, na wazee wanasema kweli: waliletwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Miaka sitini na kitu ni michache mno kwa samaki kuwa aina nyingine. Lakini tazama wale wadogo, jamaa za tilapia, ambao hakuna aliyewaleta. Leo maji ya Kivu yanashuka kwa mto Ruzizi kwenda Tanganyika, kwa hiyo ungetegemea ndugu zao wawe huko. Hawako huko. Ndugu zao wa karibu wako ziwa Edward na Victoria, kwa sababu zamani maji haya yalikwenda kaskazini, mpaka volkano za Virunga zilipoziba njia. Na ndani ya Kivu wamekuwa aina zaidi ya kumi ambazo hazipatikani ziwa lingine.

Muuza samaki, Nyawera
Hilo la maji kwenda kaskazini sikulijua. Wale wadogo huwa napata asubuhi. Nikuletee wangapi?

Mwalimu wa Kadutu
Watatu wa aina tofauti, mama, na tilapia mmoja, nitawalipia. Wana taya la pili ndani ya koo. Njoo na kisu chako, tutawafungua pamoja. Natoka darasani saa saba.